Prosesa Iliyoshindwa na Joto la Mchana

Nimestaafu mwezi wa tatu, na mgongo wangu ulistaafu kama miaka minne kabla yangu. Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, keki na saa ya ukutani, na kabla keki haijakatwa mmoja wenu akanivuta pembeni. "Mama, ile kompyuta ya kwenye mizani ya magunia kuna mtu aliiongezea kasi zamani. Tuibadilishe prosesa au tuiache?" Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Nadhani alitarajia mistari miwili. Nimejaribu kuifupisha, nimeshindwa.

Niliingia kiwandani nikiwa fundi umeme msaidizi, mwanamke peke yangu katika karakana nzima. Ninyi mnakijua kiwanda kilivyo sasa. Wakati ule kilikuwa mabanda mawili ya mabati, mashine ya kukoboa inayonguruma kama ina kifua, na vumbi la maganda ya kahawa lililoingia kila mahali, hadi kwenye mkate uliofungwa vizuri. Fundi mkuu alikuwa Mzee Kanuti, mtu wa Kilema, mrefu, mwenye koti la bluu lenye mifuko sita. Aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe wa wapi?"

"Machame, mzee."

"Basi utakuwa mbishi. Shika hii."

Akanipa brashi ya kupakia rangi, ya inchi mbili. Wiki mbili nzima sikugusa bisibisi. Kazi yangu ilikuwa kufungua mifuniko ya mota na kufagia vumbi. Nilidhani ananidharau, na usiku mmoja nikalia kwa dada yangu. Baadaye nikaja kuelewa kwamba nusu ya mashine zilizoletwa karakana zikisemwa zimekufa zilikuwa zimezibwa tu na vumbi. Brashi ile imenilisha kuliko cheti changu. Kama bado mnapuliza vumbi kwa kompresa, acheni. Mnalisukuma ndani zaidi.

Mzee Kanuti alinifundisha kusikiliza mota kwa mpini wa bisibisi uliobanwa sikioni, na kuandika kila kitu kwenye daftari, hata kile kinachokuaibisha. Kompyuta alijifunza mwenyewe uzeeni, kwa vitabu vya kuazima na kwa kuharibu. Nami nikajifunza kwake, kwa hiyo na mimi nimeharibu kiasi.

Mashine ya kuchambua ilipokuja, ilikuwa kitu kikubwa kuliko vyote tulivyowahi kuona. Buni iliyokwisha kukobolewa ilishuka kwenye mfereji mwembamba, ikapita mbele ya kamera, na kompyuta ikaamua ndani ya kufumba na kufumbua: hii nzuri, hii nyeusi. Ikiwa nyeusi, tundu dogo lilipuliza upepo, punje ikaruka upande wa taka. Baada ya hapo kahawa ilipita kwenye mkanda, na akina mama wanane wakaiangalia kwa macho na kuokota nyeusi zilizoponyoka. Kabla ya mashine walikuwa arobaini. Nilikuwepo siku thelathini na wawili walipoambiwa wasirudi, na sikusema kitu. Nilikuwa naisoma mashine.

Miaka ilipita, kompyuta iliyokuja na mashine ikafa. Walioitengeneza hawakuwa nayo tena. Mzee Kanuti akatafuta kompyuta ya kawaida ya mezani, akafunga kadi ya kamera, akahangaika na programu mwezi mzima, ikawaka. Tatizo likawa moja: ilichelewa kidogo. Kamera iliona punje nyeusi, lakini amri ya kupuliza ilifika punje ikiwa imekwisha kupita. Ukipunguza mwendo wa kahawa ilipata, ukiurudisha ilikosa.

Sasa hapa wale msio watu wa kompyuta mnisikilize. Prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote ndani ya kompyuta, hutoka kwa walioitengeneza ikiwa na kasi iliyopangwa. Unaweza kuingia kwenye mipangilio ya ndani ukailazimisha iende zaidi. Vijana mnaita ovakloki. Sisi tuliita kuipandisha, na tulilisema neno hilo kwa sauti ya chini. Itafanya kazi zaidi, na itatoa joto zaidi. Mzee Kanuti aliipandisha asubuhi moja ya mwezi wa saba, mimi nikimshikia tochi. Akawasha, buni ikashuka, na upepo ukapiga punje nyeusi moja moja, tap, tap, bila kukosa. Mzee alicheka hadi akakaa chini.

"Elinsia," akaniambia, "meneja haina haja ajue. Ataogopa bure. Hii ni yetu."

Nilikubali. Niliona fahari kuwekwa kwenye siri ya mtu kama yule. Hata kwenye daftari, yeye aliyenifundisha kuandika kila kitu, hatukuandika.

Mwaka uliofuata akastaafu, akaniachia karakana. Misimu miwili mashine ilikwenda vizuri. Kahawa ilikuwa kidogo, tuliimaliza kabla ya Krismasi. Msimu wa tatu miti ilizaa sana, magunia yakafika hadi kwenye veranda ya ofisi, na tukaendelea kuchambua Januari na Februari yote. Mnaijua Moshi ya Februari. Mabati yanapasha kichwa, mlima wenyewe umejificha kwenye ukungu mweupe wa joto, na mbwa wa mlinzi analala ndani ya mtaro.

Kati ya wale akina mama wanane, waliofanya kazi kutwa na kubadilishana viti mchana, aliyekaa wa kwanza kwenye mkanda zamu ya mchana alikuwa Mama Rozina wa Marangu, mjane, mtu wa maneno machache. Alikuwa miongoni mwa wale arobaini wa zamani. Siku moja alinisimamisha mlangoni, ameshika kanga yake mkononi.

"Fundi, mashine yako ya mchana siyo ile ya asubuhi."

"Kivipi, Mama Rozina?"

"Asubuhi inatuachia nyeusi chache. Ikifika saa nane inatutapikia. Mikono haitoshi."

Nikamjibu, na jibu hilo nalikumbuka neno kwa neno: "Mashine haijui saa, Mama Rozina. Labda mchana mnachoka."

Akaniangalia kidogo, akasema, "Haya," akaenda zake.

Baada ya majuma machache mnunuzi akalalamika. Kwenye magunia yetu kulikuwa na punje nyeusi nyingi, na nambari za magunia zilionyesha yote ni ya zamu ya mchana. Meneja alikuwa kijana, mwenye haraka, siyo mtu mbaya. Akasema asubuhi na mchana mashine ni ile ile, kwa hiyo waliobadilika ni watu. Waliokaa mwanzo wa mkanda mchana walikuwa wawili: Mama Rozina, na Neema, binti wa Singida ambaye mume wake alifanya kazi mashamba ya miwa. Wote wawili waliandikiwa barua za kusitishwa kazi. Sababu: kusinzia kazini. Nilimwona Mama Rozina akiikunja barua yake mara nne, ikawa ndogo kama kibiriti, akaiingiza kwenye sidiria, akaondoka bila kumuaga mtu.

Usingizi ukanipotea. Sikutaka kufikiri nilichokuwa nafikiri, lakini kesho yake saa mbili asubuhi nilikinga kikombe cha kahawa iliyotoka kwenye mashine kabla haijafika kwenye mkanda, nikaimwaga kwenye sinia na kuhesabu nyeusi. Nne. Saa nane mchana nikakinga kikombe kile kile. Thelathini na moja. Nikasema nimekosea, nikarudia siku tatu. Siku ya nne nikafungua kabati la kompyuta, lile tulilokuwa tumelifunga kabisa kuzuia vumbi, nikaielekezea feni kubwa ya ofisi ya mhasibu. Mhasibu alinuna, lakini nyeusi za mchana zilishuka hadi sita.

Basi ikawa wazi. Prosesa ikichemka kupita kiasi, hujipunguza mwendo yenyewe isiungue. Haizimi, haitoi kelele, haiandiki kitu kwenye kioo. Inachelewa tu. Upepo unapuliza punje nzuri iliyofuata, nyeusi inapita salama na kuangukia mikononi mwa Mama Rozina. Tulikuwa tumeipandisha ili iwahi, na kila mchana wa Februari ilikuwa inachelewa kuliko ambavyo ingechelewa kama tusingeigusa.

Wiki hiyo hiyo meneja akarudi kutoka Arusha na kiboksi mkononi, anatabasamu.

"Mama Elinsia, nimepata prosesa yenye nguvu zaidi, inaingia kwenye mazabodi hii hii, bodi kuu ya kompyuta tuliyo nayo. Tuifunge. Tumalize kahawa hii kabla mvua hazijaanza. Wewe nipe tu ripoti ya nusu ukurasa, kwamba ya zamani imezeeka."

Nilikichukua kiboksi. Sasa nawaambia ukweli, maana hili ndilo mliloniuliza bila kujua. Prosesa ile ingefaa. Kwa kasi yake ya kawaida, bila kuipandisha, ingeweza kuiendesha kamera vizuri, tukitoboa kabati na kuweka feni na chujio. Nusu ukurasa, saa mbili za kazi, na tatizo lingekwisha. Hakuna ambaye angeuliza kwa nini mchana nyeusi zimepungua. Wangesema ni kwa sababu wale wawili waliosinzia wameondoka. Siri ya Mzee Kanuti ingebaki siri, na yangu pia. Kulikuwa na cheo nilichokuwa nakisubiri mwaka ule. Sitakizungumzia, ila msifikiri sikukifikiria.

Kiboksi kilikaa mezani kwangu siku mbili. Siku ya tatu, Jumapili, nikapanda Kilema.

Mzee Kanuti alikuwa amekaa barazani, mguu mmoja juu ya kigoda. Sukari ilikuwa imeanza kumsumbua. Chini ya migomba ya kihamba chake, shamba la nyumbani, ng'ombe alikuwa akitafuna majani taratibu. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia kwa furaha, akaagiza nipewe chai. Nilimweleza yote, sinia, vikombe, feni ya mhasibu. Mwanzoni akanikatiza.

"Haiwezekani. Niliipima mimi mwenyewe. Haikukosa hata moja."

"Najua, mzee. Nilikushikia tochi."

"Wewe umepima saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Mwezi huu."

Ng'ombe aliendelea kutafuna. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Mimi nilipima saa mbili asubuhi," akasema. "Mwezi wa saba. Ulikuwa umevaa sweta."

Nilikuwa nimesahau sweta. Yeye hakusahau.

"Hao akina mama ni wangapi?"

"Wawili."

"Na wanasemaje?"

"Wa Marangu aliniambia mapema. Nikamwambia wanachoka."

Alitikisa kichwa, sikujua kama ni kwa ajili yangu au kwa ajili yake. Halafu akasema kwamba niandike. Niandike jina lake kwanza, maana yeye ndiye aliyeanza, na tarehe niiache wazi kwa sababu hatukuiweka kwenye daftari, na hilo nalo niliandike. Aliponisindikiza hadi kwenye njia alikuwa anachechemea, akanishika mkono akasema, "Nilitaka kukuachia kitu kizuri, mwanangu." Nikamwambia aliniachia. Sikusema uongo, lakini siku ile tulitazamana kwa shida. Alifariki miaka miwili baadaye, na kwenye mazishi wakasoma kazi zake zote isipokuwa hii.

Jumatatu nikampa meneja ripoti ya kurasa tatu. Aliisoma amesimama, kisha akakaa, kisha akaisoma tena.

"Kwa hiyo wewe na mzee wako mmenificha miaka yote hii?"

"Ndiyo."

"Na nimewafukuza watu kwa ajili ya kompyuta."

"Kwa ajili yangu," nikasema. "Kompyuta haikukudanganya. Haikuulizwa."

Alikasirika sana, na ilikuwa haki yake. Nilipewa onyo la maandishi, ambalo mtalikuta kwenye jalada langu, wala sijaomba liondolewe. Kisha akauliza swali la fundi: sasa tufanye nini na kiboksi? Nikamjibu hivi, na ndilo jibu langu hadi leo. Kwanza tuirudishe ya zamani kwenye kasi yake ya kawaida, leo hii, na tupunguze mwendo wa kahawa. Katikati ya msimu huu tusifunge kitu kipya. Ili mazabodi ile iitambue prosesa mpya ilibidi kuandika upya programu yake ya ndani, na umeme ukikatika dakika hiyo, mashine nzima inakuwa kabati. Kahawa ikiisha, tutoboe kabati, tuweke feni na chujio, ndipo tuifunge mpya, na hiyo mpya mtu yeyote asiipandishe. Tuipime mwezi wa pili, saa nane mchana.

Alikubali kwa shingo upande. Tulichambua polepole hadi mvua zikaanza, magunia ya veranda yakafunikwa kwa maturubai, na kila aliyepita alinitazama kama mimi ndiye niliyeleta mvua. Lakini kikombe cha asubuhi na cha mchana vikalingana. Prosesa ya Arusha tuliifunga mwezi wa tano. Ilifanya kazi bila kelele hadi mashine nzima ilipouzwa.

Meneja aliandika barua mbili za kuwarudisha wale akina mama. Neema alirudi siku ya pili, akapita mbele ya karakana bila kunisalimu mwezi mzima, baadaye akaanza kusalimia. Mama Rozina hakupokea simu. Nikaichukua barua yake, Jumamosi nikaipeleka mwenyewe Marangu.

Nilimkuta anamenya ndizi nje ya jiko. Hakuonyesha kushangaa. Akanipa kigoda, akaendelea kumenya. Nikamwambia pole, nikamwambia kosa lilikuwa la mashine na kwamba la mashine lilikuwa langu, na kwamba alinieleza nikamdharau. Nikamnyooshea barua. Hakuipokea.

"Mimi kusoma kwangu ni kwa shida," akasema. "Na kazini sirudi. Macho yamechoka. Lakini usiondoke. Binti yangu Rozina anashuka mlimani leo, anapikia wageni wanaoupanda. Kaa umwambie yeye."

"Nimwambie nini, Mama Rozina?"

"Hayo uliyoniambia mimi."

Nikakaa. Kwa kweli nilitamani kuondoka. Nilimsaidia kumenya, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Saa kumi na moja Rozina akaingia uani, msichana wa miaka kama ishirini na tano, buti zimejaa tope, begi kubwa mgongoni. Aliniamkia, nikaitikia, na kabla hajatua begi nikaanza kusema, kwa sababu niliogopa kwamba nikisubiri nitatafuta maneno laini. Nikasema joto, nikasema upepo unaochelewa, nikasema sinia.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Mama yako aliniambia kabla ya barua. Sikumsikiliza."

Akamgeukia mama yake. "Mbona hukuniambia kwamba ulimwambia fundi?"

"Nilikuambia," Mama Rozina akajibu, bila kuinua macho kwenye ndizi. "Ukasema mashine haisinzii, wanaosinzia ni watu."

Rozina akalitua begi chini. Akakaa juu yake, hapo hapo uani, akafunika uso kwa mikono iliyokuwa bado na harufu ya moshi wa mafuta ya taa. Hakuna aliyemgusa. Sufuria ilikuwa imeanza kuchemka, na Mama Rozina akainuka, akazitia ndizi, akafunika, akarudi kukaa. Kisha akaninyang'anya barua mkononi, akampa binti yake.

"Isome. Kwa sauti."

Rozina akaisoma. Ilikuwa barua fupi, ya Kiswahili cha ofisini, yenye kumbukumbu namba na "tafadhali rejea" na "baada ya uchunguzi wa kina". Mama Rozina alisikiliza akiwa ameweka kisu magotini, uso umeelekea kwenye ua wa jirani, na barua ilipofika kwenye sahihi ya meneja akainua kidole.

"Rudia pale panaposema sikusinzia."

Rozina akarudia.

"Sasa simama," mama yake akamwambia, "usome tena, jirani asikie."